Betri ni Amana: Usiku Mmoja Nanyamba

Tulitoka Mtwara mjini baada ya swala ya Adhuhuri, familia tatu katika gari moja, tukaifuata njia ya mikorosho hadi kijiji kimoja nje ya Nanyamba. Uwanja wa msikiti tulipolala haukuwa na umeme. Tegemeo letu lilikuwa betri moja ya sola, volti 12, ampea-saa 100, yaani wati-saa 1,200. Lakini betri ya asidi ikizoea kutumiwa kupita nusu huharibika mapema. Hivyo haki yetu ilikuwa 600 tu.

Zingetosha. Taa nne za wati 5 kwa saa tano hula wati-saa 100. Kilichotumaliza ni televisheni ya watoto, simu zilizochajiwa usiku kucha, na inveta iliyoachwa ikiwaka bila kazi. Alfajiri kipaza sauti kilikoroma mara moja, kikanyamaza. Mzee wa msikiti akasimama gizani, akaadhini kwa koo lake, na majirani wakaja.

Tuliona haya. Mtume (s.a.w.) ameamrisha taa zizimwe wakati wa kulala, na amekataza israfu hata katika maji ya udhu. Tuliyasoma hayo darasani. Tuliyaelewa katika nyanda hizi za Makonde, ambako maji hupimwa kwa ndoo.

Siku ya pili tulichaji simu mchana, jua likiwa juu ya paneli, na baada ya Isha tukazima inveta. Alfajiri, alhamdulillahi, kipaza sauti kiliitika.