Kosa Lilipo

Mwaka jana mwanangu aliniletea kisanduku cha kuunganisha televisheni na intaneti. Waifai ilikuwapo nyumbani, imefungwa kwa nenosiri ambalo mjukuu wangu aliliandika kwenye karatasi na kulibandika nyuma ya mlango. Nikasema, mtu aliyekuwa mwalimu mkuu miaka 22 hashindwi na jambo hili. Nikaketi peke yangu na rimoti.

Kuandika kwa rimoti ni kutafuta herufi moja moja, kama mtoto wa darasa la kwanza. Nilipomaliza nikajibiwa kuwa nenosiri si sahihi. Nikarudia mara tano, jibu lile lile. Kosa liko herufi ya ngapi? Kimya.

Jioni mjukuu aliporudi alitazama mara moja tu. "Babu, hii K ni kubwa. Wewe umeweka ndogo." Kosa hilo hilo niliwachapia watoto wa watu miaka nenda, miaka rudi!

Nikamwuliza kwa nini chombo hakikunionyesha. Akacheka. "Kikionyesha, Babu, si hata mwizi ataingia?" Akanieleza kuwa katika ulinzi uitwao WPA2, uliotoka mwaka 2004, nenosiri halipungui herufi 8, na herufi kubwa na ndogo huhesabiwa kuwa mbili tofauti. Anayebahatisha huambiwa amekosa, basi.

Usiku ule usingizi ulichelewa. Nilimkumbuka mvulana mmoja wa darasa la tano, mwaka 1981. Hesabu zake nilizitia mkasi mwekundu wiki baada ya wiki, bila neno. Chuoni Korogwe tulifundishwa kuwa kusahihisha ni kuonyesha kosa lilipo. Lakini tangu UPE ya mwaka 1977 madarasa yalifurika, nami nilichoka. Muhula uliofuata hakurudi. Miaka mingi baadaye nilimkuta stendi akipakia mizigo. "Shikamoo, mwalimu." Nikaitikia marahaba, macho chini.

Kufuli limewekwa limzuie asiyejua. Mimi nililipwa mshahara nimfungulie asiyejua, na mtoto yule nilimwacha mlangoni.

Siku hizi taarifa ya habari naitazama kwa kisanduku hicho. Nawe mwalimu kijana usomaye haya, ukishatia mkasi, andika pembeni neno moja la kumwonyesha mtoto alipokosea. Hata kama wako mia.