Kutu Iliyofichwa na Rangi

Juma hili tutafakari juu ya gari kuukuu. Hapa Kabanga tunalifufua nyumbani, chini ya mwembe, gari aina ya Land Rover Series III, toleo lililoundwa tangu mwaka 1971 hadi 1985.

Land Rover ya kwanza ilioneshwa Amsterdam mwaka 1948. Kwa kuwa chuma kilikuwa adimu Uingereza baada ya vita, bodi yake iliundwa kwa aloi ya alumini, ambayo haili kutu kama chuma. Lakini chesisi ni ya chuma, tena ina uwazi ndani. Tope la masika huingia humo, likakaa, likaila polepole. Hivyo gari laweza kung'aa machoni pa wapita njia, kumbe mifupa yake imeoza. Fundi mwema huigonga chesisi kwa nyundo: panapotoa sauti butu hukatwa, pakachomelewa chuma kipya. Rangi huja mwisho.

Vijana wanaotusaidia walitamani injini ya dizeli yenye nguvu zaidi. Fedha yatosha jambo moja tu, nami nikachagua breki: za diski magurudumu ya mbele, badala ya zile za ngoma. Vilima vya Kasulu vina miteremko mikali, na usiku mmoja wa mvua gari hili litamleta mama mjamzito Hospitali ya Kabanga. Akichelewa kidogo kwenye mpando, atafika. Breki zikikataa kwenye mteremko, hatafika.