Kabla Hujamwambia Mtu Atulie

Wasee, leo tuongee kuhusu hizi video za kutuliza akili. Najua mnazipenda, hata mimi natengeneza. Karibu zote zina maneno yale yale: keti wima, kanyaga chini vizuri, funga macho, vuta pumzi mpaka tumboni, shikilia, sasa kunja vidole vya miguu kwa nguvu, achilia. Sauti nyororo, filimbi kidogo, mawimbi ya bahari kwa nyuma. Poa kabisa.

Sasa hebu chukua video hiyo umpe mtu asiyesikia. Akifunga macho tu, somo limeisha, kwa sababu hata yale maandishi uliyoweka chini ya video hayaoni tena. Mpe mtu aliyekatwa mguu, umwambie "sikiliza mguu wako wa kulia." Pengine anausikia kweli, na unamuuma, ingawa haupo. Ama mpe ndugu yangu.

Ndugu yangu mkubwa aliumia uti wa mgongo kwa ajali ya bodaboda, huku juu kifuani. Kuanzia kifua kwenda chini hahisi na hasongeshi kitu. Mikono iko sawa, na mdomo uko sawa zaidi. Tunaishi naye Likoni. Mimi niliacha chuo mwaka wa pili (nilikuwa nasomea biashara, karo ikaisha, stori ndefu), kwa hivyo ndiye ninayeshinda naye nyumbani nikirekodi kazi zangu. Sina cheti cha kitu chochote. Lakini nimekaa kando ya kiti chake cha magurudumu miaka kadhaa, na kuna mambo hapo hayaingii kwenye video za sekunde 60.

Mwaka juzi alialikwa kwa kikao cha kupunguza stresi. Sitasema ni wapi. Watu walikuwa kama kumi na watano, mikeka imetandikwa, na mama aliyeongoza alikuwa mtu mzuri, mpole. Alipofika kwa vidole vya miguu, ndugu yangu akainua mkono: "Madam, mimi na vidole vyangu hatuongei tangu ajali." Watu wakacheka, yule mama naye akacheka, kisha akaendelea kama alivyokuwa akiendelea. Kikao kilikuwa kirefu. Katikati, ndugu yangu akaanza kusema kichwa kinagonga. Uso ulikuwa mwekundu, jasho linamtiririka shingoni. Akaambiwa hiyo ni stresi inatoka, asaidiwe alale kwenye mkeka avute pumzi polepole.

Akanishika mkono. "Usikubali wanilaze. Angalia mpira."

Mpira wa mkojo ulikuwa umejikunja chini ya paja. Nikaunyoosha, mfuko ukaanza kujaa, nikamfungua mshipi wa suruali, akabaki ameketi wima. Baada ya dakika chache kichwa kikapoa.

Ngoja nieleze, kwa sababu hapa watu wengi hawajui, na kutojua kunaweza kuua. Mtu ambaye uti wake umeumia kwenye pingili ya 6 ya kifua au juu yake anaweza kupata kitu ambacho madaktari hukiita autonomiki disrefleksia. Kibofu kikijaa, au haja kubwa ikikwama, au nguo ikibana, au kuwe na kidonda, mwili wa chini hutuma taarifa kwamba kuna shida. Mishipa ya damu huko chini inabana, presha inapanda kwa kasi. Ubongo unajua presha imepanda na unajaribu kutuliza mambo, lakini amri zake hazipiti pale uti ulipoumia. Kwa hivyo mtu anatoka jasho juu, kichwa kinapasuka, na presha bado iko juu. Ikiachwa inaweza kuleta kiharusi. Kumlaza ndiyo kosa kubwa, kwa sababu kulala kunaipandisha zaidi. Anaketishwa wima, nguo zinalegezwa, mpira na kibofu vinaangaliwa, na isipotulia haraka ni hospitali ya dharura, si kesho.

Mwili wake haukuwa na wasiwasi wa maisha siku ile. Ulikuwa unasema mkojo umekwama. Na katika chumba kizima, aliyekuwa na ujuzi kuhusu mwili huo ni mwenyewe, ila ndiye aliyekuwa akiambiwa atulie.

Watu hunijibu: wewe, hizi mbinu ziko hivyo, ukizibadilisha si zile tena. Hapo nacheka. Hii ya kukaza misuli na kuachilia inatoka kwa daktari Mmarekani, Edmund Jacobson, aliyeandika kitabu chake mwaka 1929. Ya Jacobson mwenyewe ilikuwa ndefu balaa, vikao juu ya vikao, mtu ajifunze kugundua hata mkazo mdogo kabisa kwenye msuli. Miaka ya 1950 Joseph Wolpe akaifupisha kwa sababu hakuna mgonjwa wa kungoja hivyo. Baadaye wengine wakaifupisha tena, mpaka ikafika kwenye simu yako. Kwa hivyo tayari imekatwa na kushonwa upya mara nyingi, kumfaa mtu asiye na muda. Akija mtu asiye na miguu, ghafla ni kitu kitakatifu hakiguswi.

Ile nyingine ya kupitisha akili mwilini, kuanzia unyayo hadi utosini, ilienezwa na Jon Kabat-Zinn, aliyeanza mwaka 1979 katika hospitali ya chuo kikuu cha Massachusetts. Wanafunzi wake wa kwanza walikuwa wagonjwa, wengi wenye maumivu sugu. Mbinu yenyewe ilikulia wodini, halafu ikachukuliwa na watu wazima wa afya, wakaipiga picha na mishumaa, na sasa mgonjwa ndiye anaonekana mgeni.

Na zoezi hilo kwa kawaida ni dakika 45. Mtu wa kiti cha magurudumu asiyehisi makalio hatakiwi kukaa dakika 45 bila kujiinua au kuegemea upande. Vidonda vya kukaa huanzia hapo, na kidonda kimoja kinaweza kumlaza miezi. Kwa hivyo sisi tulikata. Dakika kumi, anajiinua kwa mikono, pumzi tatu, tunaendelea. Kule kujiinua kwenyewe tumekufanya sehemu ya zoezi: unakaza mikono, unainuka, unashuka, unaachilia. Jacobson angeelewa, nadhani.

Sehemu zisizohisi tulizifikiria sana. Mimi nilitaka tuziruke, nikidhani ndio upole. Yeye akakataa: "Ni mwili wangu bado, we mtoto." Nikaja kusoma kuhusu Matthew Sanford, mwalimu wa yoga kule Marekani aliyepooza kuanzia kifuani kwa ajali ya gari mwaka 1978, akiwa na miaka 13. Huyo anafundisha yoga akiwa kwenye kiti, na hoja yake ni kwamba kupooza hakukati kabisa uhusiano wa mtu na mwili wake. Kwa hivyo siku hizi tunapita mpaka miguuni, lakini kwa maneno mengine. Hatusemi "kunja", tunasema "peleka fikira hapo." Kukaza kwa nguvu tumeacha, maana miguu yake hushtuka na kucheza yenyewe mwili ukisumbuliwa. Watu wengi wenye mtindio wa ubongo nao husema hivyo hivyo: ukiwaambia kaza, msuli unakaza kweli, halafu unakataa kuachia. Kwao unaanzia pale pa kuachilia.

Na tafadhali, chupa ya maji moto usimwekee mtu mahali asipohisi. Ataungua huku anatabasamu.

Kuna mbinu moja ambayo ndugu yangu ameipenda kuliko zote: ile ya kujiambia kimoyomoyo "mkono wangu ni mzito, mkono wangu una joto." Haihitaji msuli wowote. Ilitungwa na Mjerumani, Johannes Schultz, kitabu kikatoka 1932. Nikasoma zaidi, nikakuta kwamba chini ya Wanazi bwana huyu alikuwa na cheo katika taasisi ya tiba ya akili huko Berlin, na aliunga mkono fikra kwamba watu wenye ulemavu wa akili waondolewe duniani. Nilisita kumwambia. Nilipomwambia akanyamaza kidogo, kisha akasema, "Basi nitaifanya mara mbili kwa siku, nimkomoe."

Kwa wengine, nitasema ninachokijua bila kujifanya mtaalamu. Mtu asiyesikia mpe maelezo yote kwanza, kwa Lugha ya Ishara ya Kenya kama unaweza, macho yabaki wazi, na mkubaliane ishara ya kumaliza: mguso begani, au simu itetemeke mkononi. Mtu asiyeona tangu kuzaliwa usimwambie "fikiria bahari ya samawati." Sisi wa Pwani tuna bahari yenye harufu ya mwani, joto la mchanga, kishindo cha feri ikigusa ng'ambo. Mpe hiyo. Na ukome kusema "fanya kama hivi" huku umeinua mkono ambao haoni.

Mtoto mwenye usonji anayejitingisha mbele na nyuma, usimshike mabega ukimwambia akae kimya apumzike. Kule kujitingisha mara nyingi ndiyo mbinu yake, ameivumbua mwenyewe, bure. Na kwa mtu ambaye maneno mengi yanamchanganya, onyesha. Roger Poppen na wenzake huko Marekani waliunda njia nzima ya mikao kumi: kichwa kikae hivi, mabega hivi, mikono hivi, taya hivi. Mwalimu anakaa hivyo, mwanafunzi anaiga. Hakuna falsafa hapo, na inaeleweka.

Haya yote yanachukua muda na kwa mtu kama mimi yanaumiza hesabu. Video ya kawaida narekodi asubuhi, jioni iko hewani. Nikitaka mkalimani wa ishara, namlipa, na ni haki yake alipwe. Kuna jamaa aliniandikia kwamba nahangaikia watu wachache. Sensa ya 2019 ilihesabu zaidi ya watu 900,000 wenye ulemavu Kenya, na wengi tunaamini hesabu hiyo ni ndogo kuliko hali ilivyo. Lakini hata wangekuwa wachache, mmoja wao ananiomba chai kila saa kumi.

Yeye ndiye mhariri wangu sasa. Nikiandika maneno ya video mpya namsomea, na kila nikifika kwa amri ambayo mtu fulani hawezi kuitii, anagonga gurudumu. Wiki iliyopita aligonga mara kumi na moja kwenye ukurasa mmoja. Tulibishana sana kuhusu mstari wa kwanza. Mimi nilikuwa nimeandika "keti vizuri." Yeye akataka "kaa unavyokaa." Tumeweka wake. Video inatoka Ijumaa, dakika saba, na kabla ya pumzi ya kwanza kuna swali, limeandikwa na linaonyeshwa kwa ishara: je, kuna kitu mwilini mwako kinachohitaji kuangaliwa kabla hatujaanza? Hapo nimeacha sekunde 20 za kimya, mtu akaangalie mpira wake.