Mikono ya baba na profesa wa Japani

Baba yangu hanywi pombe. Naanza na hilo kwa sababu yeye mwenyewe ndiye aliyeniomba nianze nalo.

Kwa zaidi ya miaka sita sasa mikono yake inatetemeka. Akishika kikombe cha chai, nusu inaishia kwenye kisosi. Vifungo vya shati anafungwa na mama. Mtaani kwetu, wilayani Chunya, watu walishatoa hukumu zamani: mzee amezidisha gongo. Wengine, wenye huruma kidogo, wanasema kuna mtu kamtupia kitu kwa ajili ya ugomvi wa shamba. Nami, binti yake, mwandishi wa habari za afya ambaye kila wiki nawaeleza wasomaji dalili za kisukari na shinikizo la damu, sikuwahi kukaa naye chini nikamuuliza, “Baba, hii ilianza lini?”

Aliyenisukuma kuuliza ni mtu ambaye sikuwahi kukutana naye. Alikuwa profesa wa historia nchini Japani, jina lake Irokawa Daikichi. Kwao jina la ukoo hutangulia, hivyo Irokawa ndilo la ukoo. Alifariki Septemba 2021 akiwa na umri wa miaka 96.

Nilimkuta nikitafuta jambo jingine. Mwaka jana mhariri alinipangia habari kuhusu zebaki inayotumiwa na wachimbaji wadogo wa dhahabu. Ukigusa habari hiyo lazima ukutane na Mkataba wa Minamata, ule mkataba wa kimataifa wa kudhibiti zebaki uliopitishwa Oktoba 2013, ambao Tanzania nayo imeuridhia. Nikajiuliza, Minamata ni nini?

Minamata ni mji mdogo wa pwani kusini mwa Japani. Hapo palikuwa na kiwanda cha kemikali kilichomwaga majitaka yenye zebaki baharini kwa miaka mingi. Zebaki ikaingia kwenye samaki, samaki wakaliwa na paka na watu. Paka walianza kurukaruka kama wenye wazimu na kufa. Kisha watu: ganzi midomoni na vidoleni, mikono kutetemeka, macho kutoona pembeni, ulimi kuwa mzito. Ugonjwa uliripotiwa rasmi Mei 1, 1956. Serikali ilikuja kukiri kwamba chanzo ni kiwanda hicho mwaka 1968, miaka 12 baadaye.

Katikati hapo wavuvi waliumwa mara mbili. Mara ya kwanza mwilini, mara ya pili kwa majirani. Mwanzoni ilidhaniwa ni ugonjwa wa kuambukiza, nyumba za wagonjwa zikapuliziwa dawa, watu wakawakwepa. Na kwa kuwa kiwanda ndicho kilichokuwa kikilisha mji, aliyelalamika alionekana adui wa mkate wa wenzake.

Niliposoma kipande hicho niliweka simu chini. Nilikuwa nimemwona baba.

Sasa mwanahistoria alifuata nini kwa wagonjwa? Hilo ndilo lililonifanya nimsome mtu huyu jioni baada ya jioni, hadi mwenzangu ninayeishi naye akawa ananiuliza, “Profesa wako hajambo?”

Irokawa alizaliwa mwaka 1925. Aliingia Chuo Kikuu cha Tokyo mwaka 1943, vita vikiwa vimepamba moto, na kama vijana wengi wa rika lake akatolewa darasani na kupelekwa jeshini, yeye akaangukia jeshi la wanamaji. Vita vilipokwisha alirudi chuoni na kuhitimu mwaka 1948. Mwenye cheti cha chuo kile angeweza kutafuta kiti mjini. Yeye alikwenda kufundisha shule ya kijiji cha milimani. Baadaye akawa mwalimu katika Chuo Kikuu cha Uchumi cha Tokyo, si kile kikubwa alichosomea, na huko ndiko alikojenga jina.

Wanahistoria wengi wa wakati wake waliandika kuhusu mawaziri, majenerali na vyama. Irokawa aliuliza: mkulima alikuwa anawaza nini wakati Japani inageuka kuwa nchi ya kisasa? Jibu hakulitafuta wizarani. Aliwachukua wanafunzi wake wakapita vijijini kufungua maghala ya zamani.

Mwaka 1968, katika eneo la Itsukaichi magharibi mwa Tokyo, walifungua ghala la kuta za udongo la familia moja iliyowahi kuwa na uwezo. Ghala lilikuwa limechakaa. Humo, katikati ya makaratasi yaliyoliwa na wadudu, kulikuwa na rasimu ya katiba. Mwanafunzi aliyeishika hakuitambua mara moja, kwa sababu kichwa chake kilikaribia kufanana na cha katiba ya dola ya mwaka 1889, akadhani ni nakala tu. Walipoisoma vizuri wakaona kuwa iliandikwa mwaka 1881, miaka minane kabla ya ile ya serikali. Ilikuwa na vifungu 204, na sehemu kubwa ilihusu haki za raia.

Mwandishi wake alikuwa mwalimu wa shule ya kijiji, Chiba Takusaburo. Alijadiliana na wakulima na vijana wa pale, wakasoma pamoja, naye akaandika. Mwaka 1883 alikufa kwa kifua kikuu akiwa na miaka 31. Kwa miaka zaidi ya 80 hakuna aliyejua. Kama ghala lile lingeanguka mapema, au kama mtu angeamua kusafisha na kuchoma takataka, tungeendelea kuambiwa kuwa wanakijiji wa Japani walikuwa wakingoja kuamuliwa kila kitu.

Mwaka 1975 Irokawa alifanya jambo lililowashangaza maprofesa wenzake. Aliandika historia ya zama zake akijiweka ndani yake mwenyewe: kijana aliyevaa sare, alichoamini wakati huo na alichokuja kukiona baadaye. Njia hiyo aliita jibunshi, yaani historia ya nafsi yako. Katika kitabu hicho alimpa nafasi pia mtu wa kawaida, Hashimoto Yoshio, aliyekuwa akiwahimiza watu wasiozoea kalamu waandike maisha yao kwa maneno yao ya kila siku. Wazo hilo likaenea. Wastaafu, akina mama wa nyumbani na wafanyakazi wa viwandani wakaanza kuandika. Sharti lilikuwa moja, usijisifu wala usilie tu. Onyesha maisha yako yalivyokutana na mambo ya nchi yako.

Ndiyo maana mwaka 1976, alipoitwa na mwandishi Ishimure Michiko, aliyekuwa tayari amewaandikia wagonjwa wa Minamata kitabu kinachojulikana sana, profesa huyu wa makaratasi ya zamani aliongoza kundi la wasomi kwenda kwenye vijiji vya wavuvi. Walikwenda na kurudi kwa miaka, wakasikiliza. Matokeo yalitoka mwaka 1983 katika juzuu mbili.

Kuna jambo jingine la Minamata ambalo mama zetu watalielewa haraka. Familia nyingi za Kijapani huhifadhi kipande kikavu cha kitovu cha mtoto ndani ya kisanduku. Watoto walipozaliwa na ulemavu, wataalamu walivipima vile vitovu na kukuta zebaki ndani yake. Hapo awali ilidhaniwa kondo la nyuma humkinga mtoto. Sisi tunasema kwetu ni pale kilipozikwa kitovu. Wao walikitoa kwenye kisanduku, kikatoa ushahidi.

Desemba nilipanda basi kwenda nyumbani. Siku ya tatu, mama akiwa amekwenda sokoni, nilimkuta baba chini ya mwembe.

“Shikamoo baba.”

“Marahaba mwanangu. Mbona una daftari? Umekuja kunihoji?”

“Ndiyo baba. Nataka unisimulie ulivyoanza kuchimba.”

Alicheka. Akasema hayo si ya kuandikwa gazetini, magazeti ni ya wakubwa. Nikamweleza habari ya ghala la Itsukaichi na mwalimu aliyekufa kwa kifua kikuu. Alinyamaza kidogo, kisha akaniuliza, “Huyo mwalimu aliacha watoto?” Nikasema sijui. Akasema, “Basi heri wewe upo.” Na akaanza.

Alisimulia duara lililofukia rafiki zake wawili. Alisimulia jinsi mawe yanavyosagwa kwenye karasha, unga unavyooshwa kwenye mwalo, na jinsi alivyokoroga zebaki kwa mikono mitupu ndani ya beseni ili iikamate dhahabu. Kisha akafika kwenye sehemu niliyokuwa naifahamu bila kujua kuwa naifahamu. Kwa kuogopa wezi, alikuwa akichomea mzigo nyumbani, jikoni, usiku, mlango umefungwa. Zebaki inaruka na mvuke, dhahabu inabaki. Nilikumbuka. Nilikuwa darasa la tatu, nikichungulia kupitia mkono wa mama, nikisubiri ile rangi ya kijivu igeuke njano. Kwangu ilikuwa kama mazingaombwe. Sote tulikuwa ndani ya chumba kimoja na ule mvuke.

“Hamkuambiwa ni sumu?” nilimuuliza.

“Tuliambiwa dhahabu iko chini. Mengine nani wa kutuambia?”

Nilitaka kukasirika, sikujua nimkasirikie nani. Labda aliiona sura yangu, maana alinyoosha kidole kinachotetemeka akasema maneno ambayo nimeyaweka kama alivyoyasema: “Andika kwamba mimi sinywi. Halafu andika pia kwamba dhahabu hiyo hiyo ndiyo iliyokusomesha. Usiandike moja ukaacha jingine.”

Msomaji wangu, hapo ndipo nilipomwelewa Irokawa. Kwenye habari yangu ya zebaki nilikuwa nimeandika “waathirika”. Baba hakutaka kuwa mwathirika tu. Alikuwa mtu aliyefanya uamuzi kwa kile alichokijua, akalipa ada ya sekondari, akaninunulia godoro na tranka la kwenda nalo bweni. Gharama ameibeba mikononi. Ukiandika gharama bila ada umemfanya mjinga. Ukiandika ada bila gharama umedanganya watoto walioko kwenye mialo leo.

Januari nilimpeleka hospitali, na safari hii tulikuwa na maelezo kamili: miaka mingapi, kwa njia gani, lini mkono wa kulia ulianza. Mara mbili za nyuma alikuwa ameishia kuulizwa kama anakunywa, akapewa vidonge vya kutuliza. Sasa daktari alimsikiliza hadi mwisho. Hakusema kwa uhakika kwamba ni zebaki, kwani mikono hutetemeka kwa sababu nyingi na muda umepita. Ila alisema historia ile inaelekea huko, akapanga vipimo. Nieleze pia kwamba Minamata na Chunya si kitu kimoja: kule zebaki ilipita kwenye samaki, kwetu hatari kubwa ni mvuke unaovutwa wakati wa kuchoma. Ila zote mbili huishia kwenye mishipa ya fahamu.

Kama kwenu kuna mchimbaji, tafadhali mzigo usichomewe ndani ya nyumba wala kwenye sufuria ya chakula. Mjamzito na watoto wakae mbali kabisa. Vipo vyombo maalumu vya kufunga mvuke, ulizeni ofisi ya madini iliyo karibu. Na mwenye kutetemeka apelekwe hospitali kabla ya kupelekwa kwenye vinywa vya watu.

Na kama kwenu hakuna mchimbaji, bado kuna ghala. Mzazi aliyepanda meli, aliyelima mkonge, aliyehamishwa wakati wa vijiji vya ujamaa, aliyezalisha nusu ya mtaa. Usimuulize, “Nisimulie maisha yako,” atakuambia hana la kusimulia. Muulize kazi yake ya kwanza ilikuwa ipi na alilipwa nini. Muulize alikuwa wapi siku Mwalimu alipofariki. Rekodi kwa simu, andika tarehe, na ukimaliza msomee. Akikataa jambo lisiandikwe, liache.

Haya niliyoandika nilimsomea baba kwa simu Jumapili iliyopita, mstari kwa mstari. Alinisahihisha mahali pawili. Nilipofika mwisho alikaa kimya nikadhani mtandao umekatika. Kisha nikamsikia akimwita mama: “Mama yao, njoo usikilize, tumeandikwa.” Kwa nyuma nilisikia kikombe kikigonga kisosi.