Drive-In ya Msasani: Stelingi hafi bwana!

WIKI iliyopita nilishuka kwenye daladala pale Namanga, jijini Dar, nikiwa na shida moja tu: kutafuta mwembe. Si kwa ajili ya maembe, la hasha. Ni mwembe ambao mimi na kaka yangu tuliugeuza kiti cha sinema enzi zile, nje ya ukuta wa Drive-In ya Msasani.

Najua wapo wanaouliza Drive-In ndiyo kitu gani. Haya, tulieni niwape. Ilikuwa sinema ya hewani, ilifunguliwa mwaka 1966, kando ya barabara ya zamani ya Bagamoyo. Unaingia na gari lako, unaegesha kuelekea skrini nyeupe iliyosimama kama ukuta wa ghorofa, unachukua spika iliyo kwenye nguzo, unaitundika dirishani, mambo yanaanza. Familia nzima zilikuja na masufuria ya pilau, watoto wamelaliana kiti cha nyuma. Raha mustarehe.

Hao ni wenye magari. Sisi tulikuwa na mwembe.

Na msidhani wenye magari walikula raha bila bughudha. Kuna nyakati, miaka ya 1970 na 1980, mafuta yalikuwa taabu nchini, serikali ikapiga marufuku magari binafsi kutembea Jumapili kuanzia saa nane mchana. Sisi wa miguu agizo hilo halikutugusa. Tuliondoka Kinondoni na kandambili zetu, kwenda na kurudi, na kurudi ndiyo ilikuwa kasheshe kwa sababu ilibidi kupita karibu na makaburi usiku. Tukinusurika makaburini, mama yuko mlangoni na mwiko.

Ubaya wa mwembe ni kwamba ulitupa picha bila sauti. Sauti yote imo kwenye zile spika, na spika zimo madirishani mwa watu. Kilichotufikia ni mvumo tu, kama nyuki walio mbali. Hapo ndipo Kaka alipoingia kazini. Alinizidi miaka sita, Kihindi hajui hata cha kuombea maji, lakini picha ilitafsiriwa kuanzia mwanzo mpaka mwisho. Adui alipewa sauti nzito, binti akapewa sauti ya puani, na farasi nao walikuwa na maneno yao.

Picha niliyoipenda kupita zote ni Sholay, ile ya mwaka 1975, Amitabh Bachchan na Dharmendra wanaitwa kijijini kumkamata jambazi Gabbar Singh. Mnaikumbuka? Kuna mzee mmoja humo, Thakur, muda wote kajifunika shuka mabegani. Kwa mujibu wa Kaka, mzee yule alikuwa anaficha fedha za kijiji chini ya shuka, ndiyo maana hasalimiani na mtu kwa mkono. Ile sarafu ambayo Amitabh anairusha kila wanapotaka kuamua jambo, Kaka alisema ni hirizi ya mganga wa Bagamoyo. Na mwishoni, Amitabh alipolala kwenye mikono ya mwenzake, Kaka akanituliza: "Usilie, kapitiwa na usingizi. Stelingi hafi."

Nikaenda shule Jumatatu, nikawasimulia darasa zima hivyo hivyo.

Kumbukeni Bara wakati huo hatukuwa na televisheni. Zanzibar walikuwa nayo, tena ya rangi, tangu mwanzoni mwa miaka ya 1970, na hapa Dar wachache wenye uwezo walisimamisha antena ndefu kama minazi ili kunasa ya Wazanzibari. Sisi wengine tulisubiri mpaka 1994, vituo binafsi vilipoanza kurusha. Baada ya hapo tukawa watu wa Mambo Hayo na Bishanga wake, baadaye Isidingo, sebule imejaa majirani. Vibanda vya video navyo vikazagaa mitaani, na Lufufu akajipatia jina kubwa kwa kutafsiri picha za kigeni kwa Kiswahili. Watu walimshangaa, mimi nikawa nacheka kimoyomoyo. Kazi hiyo niliiona siku nyingi ikifanywa juu ya mti, bila kipaza sauti na bila kiingilio.

Mwezi uliopita, usiku nimekosa usingizi, nikaikuta Sholay kwenye simu. Yote, zaidi ya saa tatu, na sauti yake. Jamani! Kumbe Thakur hakuficha fedha. Hana mikono. Gabbar aliikata. Ile sarafu si hirizi, ina sura moja pande zote mbili, Amitabh alikuwa anamchezea rafu mwenzake. Na Amitabh mwenyewe kafa, kachomwa moto, mwanamke aliyempenda anafunga dirisha taratibu. Nililia kama mtoto, halafu nikawaza: haya nitamwambia nani?

Maana mimi na Kaka hatukuwa tunaongea. Ni nyumba ya marehemu mama pale Kinondoni. Yeye anataka iuzwe tugawane, mimi sitaki hata kusikia. Mwaka na miezi tukikutana misibani tunapeana mikono kama wageni, kila mtu anakwenda zake.

Basi ndiyo nikafunga safari mpaka Namanga. Pale palipokuwa na Drive-In, leo upo ubalozi wa Marekani. Ule wao wa zamani ulilipuliwa kwa bomu Agosti 7, 1998, na huu mpya ukafunguliwa mwaka 2003. Ukuta ni mrefu hasa. Nilitembea taratibu upande wa pili wa barabara, simu mfukoni, maana si mahali pa kupigapiga picha. Mwembe sikuuona. Hata pale uliposimama sina hakika napo tena.

Nikasogea mbali kidogo, penye kivuli cha muuza madafu, nikampigia Kaka. Simu ikaita mpaka nikataka kukata.

"Shikamoo Kaka."

Kimya. Halafu: "Marahaba. Kuna msiba?"

"Hapana. Niko Drive-In."

"Drive-In gani tena we dogo, si ilishakufa?"

"Kaka, kumbe yule mzee hakuwa na mikono!"

Nikasikia anavuta pumzi, kisha akaangua kicheko, kile cha zamani cha kupiga paja. Akasema yeye alijua tangu mwaka 1989, aliiona kwa deki kwa jamaa yake Ilala.

"Mbona hukuniambia?"

"Ningeanzia wapi, na wewe umeshatangaza shule nzima?"

"Na Amitabh kafa."

"Stelingi hafi."

"Kafa, Kaka! Wamemchoma!"

"Basi huyo hakuwa stelingi. Stelingi ni Dharmendra. Amitabh ni rafiki wa stelingi, na rafiki wa stelingi lazima afe, hiyo inajulikana."

"Rafiki gani anazuia majambazi darajani peke yake?"

Tukabishana mpaka muuza madafu akaingilia, naye yuko upande wa Kaka. Nyumba hakuna aliyeitaja. Salio langu likakata katikati ya neno.

Sijamaliza hata dafu, simu ikaita. Ni yeye.

"Sikiliza we dogo," akasema, "hilo la daraja nalo ngoja nikueleze vizuri."