Mawe Meusi

Nilipomtembelea mama Boise, nchini Marekani, kaka alitupakia sote garini, tukashika barabara namba 20 kuelekea mashariki. Nyanda za juu, ukame, vichaka vya kijivu, milima kwa mbali. Mwendo mrefu bila kijiji. Mara ardhi ikawa nyeusi. Tulikuwa tumefika Craters of the Moon.

"Lava hii ina miaka kama 2,000," kaka alisema.

Mama alikataa kushuka. Januari 2002, kabla sijazaliwa, Nyiragongo ilifunika nyumba yao ya Goma. Watalii walikuwa wakipigana picha.

Baadaye alifungua mlango, akaokota jiwe, akalipima mkononi, akalirudisha palepale.

"Haya yamelala bure," akasema. "Ya kwetu tuliyajengea nyumba."

Mimi nilizaliwa katika nyumba hiyo.