Kiangazi kando ya Ziwa Mweru



Sisi watu wa Lubumbashi tunakaa mbali sana na bahari. Mtu akitaka kuona maji ya chumvi, ni safari ya siku nyingi, iwe upande wa Dar es Salaam, iwe upande wa Lobito. Lakini hatukunyimwa kila kitu. Upande wa kaskazini-mashariki, katika jimbo letu hili la Haut-Katanga, liko Ziwa Mweru, ambalo ramani za Kifaransa huliandika Moero. Urefu wake ni kilometa 131 hivi, na mahali palipo papana kabisa hufika kilometa 56. Mto Luapula huingia kwa upande wa kusini. Maji yake hutoka tena kaskazini, kule Pweto, kwa jina jipya la Luvua, yakaenda kukutana na Lualaba. Ni ziwa kubwa, tena ni letu. Hata hivyo wengi wetu hatujaliona. Tunalijua kwa harufu tu, sokoni.

Kiangazi kimoja, mwisho wa mwezi wa nane, sisi watu wanne wa parokia moja tulipata siku chache za kupumzika, tukakata shauri kwenda kulitazama. Watu walituambia: «Nendeni, huko kuna mchanga mweupe, tena hakuna kitu wala mtu.» Neno hilo la mwisho ndilo linalotufanya tuandike leo.

Tuliondoka alfajiri. Kufika Kasomeno njia inagawanyika: moja inakwenda Kasenga, penye mto Luapula, nyingine inapanda kaskazini kwenda Kilwa, zaidi ya kilometa 300 kutoka Lubumbashi. Tulishika hiyo ya pili. Vumbi jekundu lilituingia masikioni na katika chakula. Majani pande zote mbili yalikwisha kuungua kwa moto wa kiangazi, na katikati ya majivu yale miyombo ilikuwa imeanza kutoa majani mapya mekundu. Upande wa kushoto ulionekana mlima mrefu wa Kundelungu. Malori tuliyopishana nayo yalikuwa yamejaa makala na magunia ya samaki, na juu ya magunia watu wamejifunga vitambaa puani. Kwa masika njia hii hufungwa na matope. Kwa hiyo kiangazi ndicho kipindi cha kwenda, kwa mgeni na kwa mfanya biashara pia.

Baada ya Kilwa tuliacha motokari, tukafuata njia ya miguu mpaka kijiji kimoja kilicho ukingoni mwa ziwa. Hakuna hoteli huko, hakuna umeme, hakuna duka isipokuwa meza moja yenye sabuni, chumvi na betri za tochi. Nyumba ni za matofali mabichi, zimeezekwa kwa majani. Mbele ya nyumba, ziwa.

Wasomaji, ni maji mazuri mno. Ziwa hujaa mpaka mwezi wa tano, kisha hushuka polepole, na kila linaposhuka huacha ukanda wa mchanga. Basi mwezi ule wa nane pwani ilikuwa pana na safi. Tulifurahi kama watoto, tukavua viatu ili tukimbilie maji. Hapo mama mmoja akatuita kwa sauti kubwa: «Mwapoleni, wababa! Piteni pembeni, tafadhali. Hapo ni shamba letu.»

Tulitazama chini. Hatua chache mbele ya miguu yetu mchanga wote ulikuwa umefunikwa na samaki wadogo, wembamba, wenye kung'aa kama fedha, wametandazwa mmoja mmoja juani. Wenyeji huwaita chisense. Toka mtumbwi wa kwanza mpaka mwisho wa kijiji hapakuwa na mahali patupu, ila vijia vyembamba vya kupitia wenye kazi. Kijana mmoja alitembea na fimbo ndefu kufukuza kunguru na mwewe. Wanawake waliinama, wakawageuza samaki kwa mikono. Ile pwani tuliyoambiwa haina kitu wala mtu ilikuwa imejaa kazi kuliko karakana za mjini.

Mama yule alitukaribisha vizuri, akatueleza. Chisense huvuliwa usiku wa giza, mwezi usipokuwako. Wavuvi huweka taa juu ya maji. Zamani zilikuwa taa za mafuta, siku hizi ni taa za betri. Samaki huufuata mwanga, nao wavuvi huwazungushia wavu mwembamba. Asubuhi mitumbwi inarudi, na jua la kiangazi linamaliza kazi: wakitandazwa alfajiri, jioni samaki wamekauka. Lakini wakati wa masika mvua ikinyesha adhuhuri moja tu, kazi ya usiku mzima inaoza, au lazima kukausha kwa moto, na kuni ziko mbali. Ndiyo maana aliita shamba. Kiangazi ni mavuno yake. Akiyakosa, ada ya shule ya watoto imepotea.

Tulimwuliza nyavu ni za nani. Akajibu bila kiburi: «Ni zangu, baba. Mtumbwi pia. Vijana wale ninawalipa.» Mjini tunazoea kufikiri kwamba uvuvi ni kazi ya wanaume tu, na mwanamke ni wa kuuza. Katika uvuvi wa chisense sivyo. Pande zote mbili za ziwa wako akina mama waliojipatia nyavu zao wenyewe na kuajiri wavuvi.

Usiku tulikaa nje, tumejifunga mablanketi, maana upepo wa kusini-mashariki ni mkali. Taa zilikuwa nyingi juu ya maji hata tukadhani tunaona mji ng'ambo ya pili. Asubuhi jua lilitoka ndani ya ziwa lenyewe, upande wa Zambia, na mitumbwi ikatoka pamoja nalo. Vijana walishuka wakitetemeka, mikono imekunjamana kwa maji. Wengine walikwenda kulala. Wengine walianza mara moja kushona nyavu zilizotatuka.

Mzee mmoja, mvuvi wa zamani, alikuja kukaa nasi. Kwanza alitaka tujue kwamba ziwa lina wenyewe. Ni kweli. David Livingstone alilifikia tarehe 8 Novemba 1867, lakini wavuvi walikuwako zamani sana kabla yake. Masimulizi ya watu wa Luapula yanasema kwamba Nkuba, mwenye ziwa, alimwua mtoto wa dada yake Nachituti. Yule mama alikwenda kwa Mwata Kazembe kuomba alipiziwe. Na Nkuba alipokwisha kuuawa, Nachituti alimpa Kazembe kikapu cha udongo na chungu cha maji, yaani nchi na ziwa. Mwaka 1894 Wazungu nao waligawana kwa mkataba wao, mpaka ukapita katika mto na katika ziwa. Samaki hawakuusoma mkataba huo; wanakula huku, wanazaa kule.

Kisha mzee alituhadithia jambo la mpumbu. Huyu ni samaki mkubwa mwenye mayai mengi. Mvua zikianza, makundi ya mpumbu yalikuwa yakiacha ziwa na kupanda Luapula ili kutaga. Katika miaka ya utawala wa Wabelgiji wafanya biashara Wagiriki walikaa Kasenga, wakanunua samaki kwa wingi, wakawapakia malorini pamoja na barafu mpaka Élisabethville, ndiyo Lubumbashi ya leo. Huko walikuwako maelfu ya wafanyakazi wa Union Minière, kila mmoja na chakula chake cha kupewa. Mji ulikuwa na njaa ya samaki, na fedha ilikuwako. Basi nyavu zilitegwa mtoni kwa wingi, wakati uleule mpumbu wanapokwenda kutaga. Walikamatwa mama pamoja na mayai. Kufika miaka ya 1950 makundi yale makubwa yalikuwa yamekwisha. Toka siku hizo mpumbu hakurudi kuwa samaki wa biashara kama zamani.

«Baba zetu waliamka asubuhi,» alisema mzee, «wakaona mto umenyamaza.»

Tulimwuliza kosa lilikuwa la nani. Akacheka kidogo, akasema: «Mvuvi alivua. Mgiriki alinunua. Lakini aliyekula alikuwa nani?»

Wasomaji, swali hilo linatuhusu sisi. Aliyekula ni mji. Na leo mji ni mkubwa mara nyingi kuliko wakati ule. Ni kweli kwamba tunakula pia samaki wa barafu kutoka Namibia. Lakini kila siku malori yanatafuta magunia ya Mweru. Baada ya mpumbu watu waliwafuata zaidi tilapia. Tilapia wakubwa nao walipopungua, wengi waligeukia chisense. Chisense wamevumilia, maana wanakua upesi na kuzaa upesi. Hatari iko mahali pengine. Katika maji mafupi ya ukingoni tuliwaona watu wakikokota vyandarua, vilevile tunavyopewa vituzuie mbu. Maji hayo ndiyo malezi ya tilapia. Mama tilapia hubeba mayai yake na watoto wake kinywani, kisha huwaachia hapo penye majani. Chandarua hakichagui. Kinachukua mama, watoto, na yai.

Tusiwahukumu kwa haraka. Mwenye kukokota chandarua mara nyingi ni yule asiyeweza kununua wavu wa halali, au amekopeshwa na mnunuzi, naye hulipa kwa samaki wo wote, wa bei yo yote. Upande wa Zambia sheria inafunga uvuvi toka tarehe 1 Desemba mpaka mwisho wa Februari, ili samaki wazae. Ni sheria ya akili. Lakini mtu atakula nini miezi hiyo mitatu, ikiwa katika miezi ya kiangazi tulimpunja bei? Mzee alisema wazi: akipata bei nzuri kwa samaki wakubwa, hatagusa wadogo, akipata bei mbaya, atavua mpaka usiku wa sikukuu.

Basi wenye kwenda sokoni, mtaani Kenya, Katuba au Ruashi, wajifunze kutazama. Chisense ni samaki mzima, si mtoto wa samaki mwingine. Ni mwembamba, wa fedha, na wote katika fungu wanafanana. Ukiona ndani ya fungu visamaki vipana kama jani, vyenye miiba mgongoni, hao ni watoto wa tilapia waliokokotwa ukingoni. Waache mezani. Mwuzaji asipouza mara mbili, mara tatu, habari itafika ziwani pamoja na lori. Tena, mama wa nyumbani hulalamika juu ya mchanga katika samaki. Mchanga huo ni wa pwani ile. Siku hizi wako wanaokausha juu ya vichanja vya miti, samaki wakatoka safi; bei yao huzidi kidogo. Tusikatae kuilipa, maana ni malipo ya kazi njema.

Na anayetaka kwenda kupumzika huko, aende. Atapata hewa safi na usingizi mzuri. Lakini afike kwanza kwa mkubwa wa kijiji, ajulishe jina lake na shabaha yake. Achukue chumvi, sukari na sabuni, ambazo huko ni ghali. Aulize wenyeji mahali pa kuoga, kwa ajili ya mamba, na kwa ajili ya kichocho ambacho hakionekani. Asipige picha ya mtu mwenye kazi bila kumwomba. Alipe samaki anayekula, hata wakimwambia kwamba mgeni halipi. Njia ya heshima ni kumpa mama mwenye nyumba, mkononi, wakati wa kuaga.

Zaidi ya yote, asiseme aliporudi kwamba huko hakuna kitu wala mtu. Wako watu, wasiolala usiku ili sisi tupate kitoweo cha bukari yetu. Ziwa limekwisha kutoa mpumbu wake kwa ajili ya mji huu, na mji haukushukuru. Tulichobakiziwa tukitunze, kila mtu kwa senti anayoshika mkononi.